Je, Mkristo Aweza Kuiomba Mahakama Izuie Taarifa ya Ukaguzi?

Kila mtoto wa kipaimara hujifunza katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther kwamba Amri ya Nane haikatazi uongo peke yake. Inatuagiza pia tumtetee jirani yetu, tumseme vema, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Jina la mtu ni mali yake, na kumwibia jina ni wizi kama wizi mwingine. Sasa tuchukue jambo hili. Mkaguzi wa hesabu ameandika taarifa, na jina la mtu limo ndani yake. Kabla taarifa haijasomwa, mtu yule anakwenda mahakamani kuomba zuio ili isitoke. Je, anaitii Amri ya Nane kwa kuwa analinda jina lake, au anaivunja kwa kuwa anawaficha jirani zake ukweli?

Ndugu msomaji, swali hili si la wanasheria peke yao. Wanaokwenda kuomba zuio wengi ni watu wa dini, na huomba dua kabla ya kuingia mahakamani. Wanaosubiri taarifa nao ni watu wa dini. Kwa hiyo Kanisa linapaswa kuwa na la kusema, tena la kuwasaidia wote wawili.

Tukio ambalo Watanzania wengi wanalikumbuka ni la Novemba 2014. Kwa miaka mingi Shirika la Umeme, TANESCO, lilikuwa na mgogoro na kampuni ya IPTL, yenye mtambo wa kufua umeme kule Tegeta, juu ya kiwango cha tozo ambacho shirika lilipaswa kulipa. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu katika Benki Kuu, ile tuliyozoea kuiita Akaunti ya Tegeta Escrow, ili fedha zinazobishaniwa zikae humo mpaka mgogoro umalizike. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha hizo, zaidi ya shilingi bilioni 200, zilitolewa na kulipwa kampuni ya PAP, iliyosema kwamba imeinunua IPTL. Bungeni likaulizwa swali: fedha zile zilikuwa za nani, na nani aliruhusu zitoke? Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na TAKUKURU zikapewa kazi ya kuchunguza, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikajiandaa kuwasilisha matokeo.

Hapo ndipo IPTL na PAP zilipokwenda Mahakama Kuu, zikiomba jambo lile lisijadiliwe bungeni kwanza. Mahakama ikatoa amri ya muda ya kutaka hali ibaki kama ilivyo. Bunge halikusimama. Ibara ya 100 ya Katiba inasema kwamba uhuru wa majadiliano bungeni hauhojiwi mahakamani, na Novemba 26 mwenyekiti wa Kamati, Zitto Kabwe, akaisoma taarifa mbele ya Bunge na mbele ya nchi nzima. Novemba 29 Bunge likapitisha maazimio yake. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alijiuzulu Desemba 16. Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliondolewa Desemba 22. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alijiuzulu Januari 24, 2015.

Sina kusudi la kumhukumu yeyote kati ya waliotajwa. Walijieleza hadharani, na kila mmoja alikuwa na hoja zake. Wala siamui hapa ugomvi wa mipaka kati ya Bunge na Mahakama, maana mhimili ule na huu yote ni kazi ya Mungu ya kutuepusha na vurugu, na Mkristo hapaswi kushangilia amri ya hakimu inapopitwa. Ninauliza jambo dogo zaidi. Yule anayekwenda kwa hakimu, anaomba nini hasa?

Kwa sisi wa Nyakahura swali hili lina uzito wake. Hapa ni kandokando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, malori yanapita usiku na mchana kuelekea ng'ambo ya mpaka. Mwaka ule wa 2014 taa kali tulizoziona usiku zilikuwa za malori hayo. Nyumba nyingi za vijijini Biharamulo na Ngara zilikuwa zikitumia koroboi, na wanafunzi walidurusu masomo kwa moshi wa mafuta ya taa. Redio ya betri iliposema kwamba kuna fedha za umeme zinazogombaniwa Dar es Salaam, na kwamba kuna mtu anaomba habari zake zisisomwe, mkulima wa maharage wa huku alikuwa na haki ya kutega sikio. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Umeme ni jambo muhimu kwa maisha yake, hata kama wakati ule haukuwa umefika mlangoni pake.

Hata hivyo tumtendee haki anayeomba zuio. Tusimdhanie kuwa ni mwizi kwa sababu tu amekwenda mahakamani. Mtume Paulo alikata rufani kwa Kaisari (Mdo. 25), na hatuoni mahali popote Maandiko yakimlaumu kwa kutumia haki yake. Nikodemo aliwauliza wenzake katika baraza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza na kujua atendalo (Yn. 7:51). Mithali nazo zinatuonya kwamba anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji (Mit. 18:17). Mkaguzi naye ni mwanadamu. Anaweza kukosea kujumlisha, anaweza kunyimwa faili, anaweza hata kutumiwa na wakubwa wenye kisasi. Jina likishachafuka katika taarifa ya serikali, kulisafisha ni kazi ya miaka mingi.

Katiba yetu imeliona jambo hilo. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Na Ibara ya 143, ambayo inampa Mdhibiti uhuru wa kutofuata amri ya mtu au idara yoyote katika kazi yake, inaongeza kwamba uhuru huo hauizuii Mahakama kuchunguza kama ametekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Maana yake mkaguzi anawakagua wengine, na yeye anaweza kupimwa na sheria. Basi kwenda mahakamani si dhambi. Tofauti imo katika ombi lenyewe.

Kuna anayesema, "Mheshimiwa Hakimu, nimetajwa bila kuulizwa. Naomba nisikilizwe, na majibu yangu yaandikwe." Na kuna anayesema, "Mheshimiwa Hakimu, naomba taarifa hii isijulikane." Wa kwanza anataka ukweli uongezwe, wa pili anataka upunguzwe. Wote wawili wanaweza kuvaa koti moja na kuwakilishwa na wakili mmoja. Hati zao za maombi zinaweza kufanana kwa maneno mengi. Lakini mbele za Mungu, anayepima mioyo, hawaombi kitu kimoja.

Biblia inatupa mfano wa ombi la pili katika Yeremia 36. Baruku ameandika gombo kwa maneno ya Yeremia. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na moto unawaka mbele yake. Yehudi anasoma. Kila anapomaliza kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Elnathani, Delaya na Gemaria wanamsihi asilichome, naye hawasikii. Tuangalie vizuri alichofanya mfalme. Hakusema kwamba Yeremia amesema uongo. Hakumwita aje athibitishe maneno yake, wala hakutoa jibu. Alishughulika na karatasi. Dhambi zilizoandikwa ndani ya gombo zilibaki vilevile mjini, wadhulumiwa waliendelea kudhulumiwa, na jeshi la Babeli halikurudi nyuma hata hatua moja kwa sababu ya moto ule.

Gombo jingine liliandikwa, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Wahubiri tunapenda kumalizia hapo, tukisema kwamba ukweli haufichiki. Mimi naomba tuwe waangalifu. Bwana wetu amesema kwamba hakuna lililositirika ambalo halitafunuliwa (Lk. 12:2), nasi twaamini. Lakini ahadi hiyo inatazama siku ya Mungu. Haisemi kwamba kila taarifa iliyozuiwa itasomwa kabla mjane hajafa. Zuio la muda lina nguvu kwa sababu ya muda wenyewe. Mwezi unapita, mwaka unapita, shahidi anahamishwa, faili linaliwa na mchwa, watu wanachoka kuuliza. Kwa hiyo tusimwambie mwenye kuomba zuio, "Acha, maana utashindwa tu." Huenda akashinda. Tumwambie kwamba hata akishinda amewatendea vibaya watu ambao mali yao ilikuwa mkononi mwake.

Mwaka 2016 jambo la namna hii lilitokea Afrika Kusini. Mtetezi wa Umma wa nchi hiyo, Thuli Madonsela, alikamilisha Oktoba taarifa yake juu ya ushawishi wa wafanyabiashara katika serikali. Rais Jacob Zuma akaomba mahakama izuie kutolewa kwake, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba hakupewa nafasi ya kutosha ya kujibu. Novemba 2 aliliondoa ombi lake, na mahakama ikaamuru taarifa itolewe siku ileile. Baadaye iliundwa tume ya Jaji Raymond Zondo, ambayo kwa miaka kadhaa iliwasikiliza mashahidi hadharani, na waliotajwa walipata pa kusimama na kujibu. Somo langu ni moja tu: hoja ya "sijasikilizwa" ni hoja takatifu, na kwa sababu ni takatifu inaweza kuazimwa na mtu ambaye hataki kusikilizwa hata kidogo. Njia ya kuijaribu ni kumwuliza: ukipewa nafasi ya kujibu leo, utakubali taarifa isomwe kesho pamoja na majibu yako?

Swali hilo nililiona likifanya kazi huku kijijini. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, kilikaguliwa. Taarifa ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mtunza hazina, mzee mwenye heshima katika jamii, alikuja kwangu jioni akiwa na bahasha.

"Baba Mchungaji," alisema, "kesho naenda mjini kwa wakili. Niombee zuio lipatikane. Mkaguzi ameandika kwamba fedha hazionekani, na mimi hakuniuliza hata neno. Risiti ninazo nyumbani sandukuni."

"Pole sana mzee wangu," nikamwambia. "Zuio likipatikana, wanachama watajua nini?"

"Hawatajua kitu."

"Na risiti zako watazijua?"

Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hizo nazo hawatazijua."

Tuliomba pamoja usiku ule, lakini hatukuombea zuio. Tuliomba apate nafasi ya kusema na moyo wa kusema yote. Asubuhi yake aliandika barua kwa mwenyekiti na kwa mkaguzi, akiomba mkutano usogezwe mbele wiki mbili ili risiti zake zipitiwe. Ilikubaliwa. Mkaguzi akakuta kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa na maelezo, akaisahihisha taarifa yake. Sehemu iliyobaki haikuwa na maelezo. Siku ya mkutano yote mawili yalisomwa, na mzee akasimama mbele ya watu akakubali kuilipa ile iliyobaki kidogo kidogo. Haikuwa siku rahisi kwake wala kwa familia yake. Lakini kama zuio lingepita, angebaki kijijini akisemwa kwamba ameiba zote, wala asingekuwa na mahali pa kuonyesha risiti hata moja. Zuio lingefunika kosa lake, na lingefunika pia kinga yake.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika jambo la Escrow. Desemba 22, 2014, Rais Jakaya Kikwete alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam, alieleza kwamba kwa maoni yake fedha zile hazikuwa za umma kwa namna Kamati ya Bunge ilivyosema. Wengine walimkubali, wengine walimpinga. Mtu wa Nyakahura aliweza kusikiliza pande zote mbili na kupima mwenyewe, kwa sababu taarifa ilikuwa imesomwa. Taarifa iliyotoka hujibiwa, husahihishwa, na hata kukataliwa kwa sababu. Taarifa iliyofungiwa kabatini haina wa kuijibu, na nafasi yake huchukuliwa na uvumi, ambao hauna ukurasa, hauna sahihi, wala hauna mahakama ya kuukatia rufani.

Turudi kwa Luther. Katika Katekisimo Kubwa, akiieleza Amri hii hii ya Nane, anakataza vikali kumsema jirani hata kwa jambo la kweli, ikiwa hatukupewa kazi ya kulisema. Kosa la siri lipelekwe kwa mkosaji mwenyewe, sawasawa na Mathayo 18. Lakini anaweka mipaka miwili. Wako watu ambao kazi yao ni kusema: hakimu, mzazi, mhubiri. Na kosa likiwa la hadharani, kukemewa kwake nako kuwe hadharani, kwa sababu hapo hakuna siri ya kulinda wala jina linaloibwa.

Nadhani mkaguzi wa mali ya umma anaingia katika kundi la waliopewa kazi. Yeye si msengenyaji. Ametumwa. Katiba inamwagiza ampelekee Rais taarifa yake, na Rais aifikishe bungeni, na Rais asipofanya hivyo Mdhibiti mwenyewe aipeleke kwa Spika. Waandishi wa Katiba walijua kwamba taarifa inaweza kukwama mezani, wakaitafutia mlango wa pili. Na kosa la mali ya umma, kwa asili yake, si la siri kati ya watu wawili. Mali ni ya wengi, basi na hesabu yake ni ya wengi. Ndiyo maana katika Luka 16 yule wakili alipoambiwa atoe hesabu ya uwakili wake, hakujibu kwamba hesabu zile ni mambo yake binafsi.

Kwa hiyo, kwa ndugu anayefikiria kwenda kuomba zuio, namwekea maswali matatu ya kujiuliza kabla hajamlipa wakili. La kwanza: je, taarifa inasema jambo ambalo najua si kweli, au inasema kweli ambayo sipendi? La pili: je, mali inayosemwa ni yangu, au nilikabidhiwa na wengine? Siri ya ugonjwa wangu, ya ndoa yangu, ya watoto wangu, hiyo hakimu na ailinde, na Ibara ya 16 ya Katiba ipo kwa ajili hiyo. La tatu: je, nimeshaomba kusikilizwa na mkaguzi, nikakataliwa, au nimeruka hatua hiyo kwa sababu sikuwa na la kujibu? Mtu akiyajibu kwa uaminifu akaona bado ameonewa, na aende mahakamani kwa dhamiri safi, na sisi wachungaji tumsindikize. Lakini aombe kusikilizwa.

Na neno la mwisho ni kwa nyumba yetu wenyewe. Katika orodha iliyosomwa bungeni mwaka 2014 ya waliopokea fedha zilizotokana na mauzo yale, walikuwamo pia viongozi wa dini. Sisemi kwamba walijua chanzo chake, na aliyepewa sadaka si lazima awe mshiriki wa kosa la mtoaji. Lakini tangu siku ile hakuna mchungaji, padri wala shehe awezaye kuwaambia waumini kwamba taarifa za ukaguzi ni mambo ya wanasiasa. Zinaweza kufika madhabahuni. Je, usharika wako unasoma hesabu zake zote kwenye mkutano mkuu, au husomwa jumla tu, haraka haraka, watu wakiwa wameshasimama kwa ajili ya baraka? Mkaguzi wa dayosisi akija, anapewa vitabu siku ileile, au anaambiwa mhasibu amesafiri? Kuchelewesha vitabu nako ni zuio, ingawa halina muhuri wa mahakama.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi tuliobatizwa tuna sababu kubwa kuliko hofu ya kuumbuliwa. Injili inatuambia kwamba mwenye kuitenda kweli huja kwenye nuru (Yn. 3:21), na kwamba huko kwenye nuru yuko mmoja anayejua hesabu yetu yote na bado ametupokea. Mtu aliyesamehewa anaweza kustahimili kusomewa taarifa. Anaweza kusikia jina lake likitajwa, akasimama, akajibu lililo la uongo, akakiri lililo kweli, na kulipa anachodaiwa. Mungu atujalie wakaguzi wanaosikiliza kabla ya kuandika, mahakimu wanaojua ni ombi gani liko mbele yao, na Wakristo ambao, siku wakikabidhiwa mali ya wengine, hawatahitaji kumwomba hakimu awanyamazishe wanaouliza.